Sala Fupi Wakati wa Maudhi

Mkristo akiwa kanisani, si vigumu kuomba apewe moyo wa upole. Kengele imekwisha kulia, watu wametulia, kitabu ki mkononi, wala hapana mtu wa kumchokoza. Walakini maudhi hayangoji Jumapili. Huja Jumatatu asubuhi mbele ya dirisha la ofisi, wakati watu arobaini wamepanga safu na mmoja wao amesahau karatasi yake nyumbani. Huja shambani, mwenye shamba anapomkuta ng'ombe wa jirani amelala kati ya mahindi yaliyokuwa yakianza kubeba. Huja nyumbani usiku, mzee mgonjwa anapoita mara ya saba. Wakati huo hapana nafasi ya kupiga magoti wala ya kutafuta ukurasa. Neno moja la ukali likitoka halirudi tena, na ujirani wa miaka ishirini waweza kuvunjika kabla chai haijapoa.

Kwa sababu hiyo, tangu zamani za kale, Wakristo wamekuwa na desturi ya sala fupi sana, za maneno matano au kumi, zilizowekwa tayari moyoni kama mkulima awekavyo mbegu ghalani kabla ya mvua. Sala hizo hazikubuniwa na watu wavivu waliotaka kufupisha ibada. Zilitoka kwa watu wenye kazi nyingi na majaribu makubwa, na habari zao zafaa kujulikana.

MNYWESHAJI WA MFALME

Mfano mmoja wa kale umo katika Kitabu cha Nehemia. Nehemia alikuwa Myahudi, mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi, katika ngome ya Shushani, yapata mwaka 445 kabla ya Kristo. Alikuwa amepata habari ya kuwa ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketezwa kwa moto. Siku moja alipokuwa akimpa mfalme divai, mfalme aliuona uso wake, akamwuliza sababu ya huzuni yake. Nehemia aliogopa mno, akaeleza. Ndipo mfalme akamwuliza anataka nini. Kati ya swali lile na jawabu lake, Nehemia alimwomba Mungu wa mbinguni. Kisha akajibu kwa adabu, akaomba ruhusa ya kwenda kuujenga mji.

Habari hii haitaji kwamba mtu yeyote aliisikia sala ile, wala maneno yake hayakuandikwa. Lakini mtu asisahau jambo moja. Kwa muda wa miezi kadhaa kabla ya siku ile, Nehemia alikuwa amefunga, amelia na kusali juu ya jambo lile lile. Ndoo ndogo ilipata maji kwa sababu kisima kilikuwa kimekwisha kuchimbwa. Mtu asiyesali kamwe nyumbani asidhani kuwa sala fupi itamjia yenyewe siku ya ugomvi.

MISHALE YA JANGWANI

Katika karne ya nne baada ya Kristo, watawa wengi waliishi katika majangwa ya Misri, wakisuka vikapu na mikeka huku wakisali. Yapata mwaka 412, Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alimwandikia barua mjane mmoja wa Kirumi aitwaye Proba, aliyetaka kujua namna ya kusali. Katika barua hiyo alieleza ya kuwa ndugu wa Misri walikuwa na sala nyingi lakini fupi, zilizorushwa upesi kama mishale, ili mioyo yao isichoke na kulegea. Kwa hiyo hata leo sala za namna hiyo huitwa na wengi sala za mshale.

Mtawa mwingine, John Cassian, aliyeishi Misri kisha akaanzisha nyumba za watawa mjini Marseille katika nchi ya Ufaransa, aliandika mafundisho ya wazee wa jangwani. Katika hayo, mzee mmoja afundisha kwamba mwanzo wa Zaburi ya 70, ambao ni kilio cha mtu anayemwomba Mungu aje upesi kumsaidia, wafaa kusemwa katika kila hali: katika kazi, katika safari, katika njaa, na hasa hasira inapoanza kupanda. Wazee wale walijua ya kuwa hata jangwani, mbali na soko na mabaraza, mtu aweza kumkasirikia mwenziwe kwa sababu ya jambo dogo sana. Hawakudhani kuwa maudhi yatakwisha kwa kuhama. Walitafuta dawa ya kuchukua mkononi.

NDUGU LAWRENCE NA SUFURIA ZAKE

Nicolas Herman alizaliwa Lorraine yapata mwaka 1614. Alikuwa askari, akajeruhiwa vitani, na mwaka 1640 akaingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akaitwa Ndugu Lawrence. Hakuwa padre wala mwenye elimu kubwa. Alipewa kazi ya jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda hata kidogo, akaifanya kwa miaka mingi, na baadaye akawa mtengenezaji wa viatu vya watawa wenzake. Alifariki mwaka 1691.

Mazungumzo na barua zake zilikusanywa na padre mmoja na kuchapwa baada ya kufa kwake. Ndani yake yaonekana ya kuwa Ndugu Lawrence hakutenga sala na kazi. Kabla ya kushika chombo alimwomba Mungu amsaidie. Alipokuwa akifanya kazi alisema naye kwa maneno machache. Na alipokosea alikiri kosa lake pale pale, bila kujilaumu siku nzima, akaendelea. Jambo hili la mwisho lina faida kubwa kwa watu wenye shughuli. Wako wengi ambao, wakiisha kukasirika asubuhi, hujiambia kuwa siku imekwisha kuharibika, nao huendelea kuwa wakali mpaka jioni.

NAMNA YA KUTUNGA SALA

Hata mtu ambaye si mchungaji aweza kujitungia sala yake mwenyewe. Kielelezo kizuri kimo katika sala fupi za Kanisa ziitwazo kolekti. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549, alichokisimamia Askofu Mkuu Thomas Cranmer, kina kolekti kwa kila Jumapili ya mwaka. Nyingi zilitafsiriwa kutoka Kilatini, bali ile ya Jumapili kabla ya Jumatano ya Majivu ilitungwa upya, ikiomba zawadi ya upendo, maana pasipo upendo matendo yote ya mtu si kitu.

Kolekti kwa kawaida ina sehemu tano. Kwanza, Mungu huitwa. Pili, hutajwa jambo moja alilolifanya au tabia yake mojawapo. Tatu, huombwa kitu kimoja tu. Nne, huelezwa kusudi la kukiomba. Tano, sala humalizika kwa jina la Yesu Kristo. Aliye na sehemu hizi tano aweza kutunga sala ya kumfaa dirishani, shambani au safarini, na kuifupisha tena mpaka ibaki neno moja au mawili ya kusema moyoni.

Mathalani, karani anayehudumia watu aweza kusali hivi kabla ya kufungua dirisha: "Ee Baba, uliyenihurumia nilipokuwa mhitaji, unifumbue macho nimwone mtu kabla sijaiona karatasi yake, ili asiyejua kusoma asiondoke na aibu; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina." Safu ikiwa ndefu na hasira ikianza, yatosha kusema, "Bwana, nimwone." Mwanamke aliyetoka mbali, aliyelipa nauli kwa fedha za mayai, akirudishwa kwa ukali bila kuelezwa kilichopungua, amepoteza siku nzima na huenda asirudi tena kudai haki yake. Akielezwa taratibu, na kuandikiwa vitu vya kuleta, kazi ya karani imeongezeka dakika mbili tu.

Mkulima aliyeharibiwa shamba aweza kusema: "Ee Bwana, mwenye mashamba yote, uushike mkono wangu na ulimi wangu mpaka niijue kweli, ili nidai haki yangu bila kumpoteza jirani yangu." Kisha ampeleke ng'ombe mahali salama bila kumpiga, amwite mwenyewe waangalie hasara pamoja, na wasipopatana wawaite wazee. Huenda ikaonekana ya kuwa ua wa pande zote mbili ulikuwa umeoza.

Anayemtunza mzee mgonjwa aweza kusema: "Bwana Yesu, uliyewaosha wanafunzi wako miguu, unipe nguvu ya kuamka mara hii moja, ili mzee wangu asijione kuwa mzigo." Sala hii haiombi nguvu za mwaka mzima. Yaomba za kuamka mara moja, na mara ya pili itaombewa wakati wake.

Kadhalika yuko mtu mwenye mshahara ambaye jamaa zake humjia kila mwisho wa mwezi, na fedha hazitoshi. Wema si kutoa ahadi za uongo. Aweza kuomba: "Ee Mungu wa kweli, unipe neno la kweli lisilo na dharau, ili ndugu yangu, hata nikimnyima fedha, nisimnyime heshima." Jamaa aliyeambiwa kweli mapema aweza kutafuta msaada mahali pengine, aliyeambiwa "kesho" mara tatu amepoteza nauli na siku zake.

SALA ISIYO NA MATENDO

Juu ya hayo, pana hatari ambayo Maandiko yenyewe yaionya. Waraka wa Yakobo wamkaripia mtu amwambiaye ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa chochote. Na Bwana Yesu aliagiza ya kuwa mtu aliyeleta sadaka yake madhabahuni, akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza kupatana naye. Kwa hiyo sala ya upole haimpi mtu ruhusa ya kukwepa deni, wala haimlazimu aliyeonewa kunyamaza milele. Mkubwa wa kazi asiwahimize watu wake kusali wawe wavumilivu, huku yeye amewakalia mshahara wao. Wema wa Kikristo husema kweli, lakini husema bila chuki.

Nchi za Afrika ya Mashariki zina mfano wake wa jambo hili. Uamsho ulioenea kutoka Gahini katika Rwanda katika miaka ya 1930, na kufika Kenya mwaka 1937, ulijulikana kwa watu waliokiri makosa yao waziwazi na kwenda kurudisha mali waliyoiba, au kuomba radhi kwa watu waliowakosea. Siku za taabu zilipokuja katika Kenya, tangu mwaka 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa, wako ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu waliokataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengine wao wakakataa pia kushika bunduki upande wa serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya mambo ya siasa ya wakati ule. Lakini hapana shaka kwamba mioyo ya namna ile haikufanyizwa kwa siku moja. Waliozoea kuomba radhi kwa mke, kwa jirani na kwa mtumishi, ndio waliojifunza polepole kutomchukia adui.

MAHALI PA KUANZIA

Wahenga walisema, hasira hasara. Na kila mtu ajua mahali hasara yake inapoanzia. Mmoja hukasirika njiani, mwingine mezani, mwingine akiamshwa usingizini, mwingine akikosolewa mbele za watu. Yafaa mtu achague mahali pamoja tu, si kumi, ajitungie sala moja kwa ajili ya mahali hapo, na kuisema kila asubuhi kwa utulivu kwa muda wa mwezi mmoja. Haifai kungoja siku ya ugomvi ndipo aanze kutafuta maneno.

Jioni na ajiulize mambo mawili: Je, nilikumbuka? Na kama sikukumbuka, ni nani niliyemwumiza? Ikiwa yuko mtu huyo, basi sala ya jioni ni fupi kuliko zote: "Bwana, unipe miguu ya kumwendea." Baada ya Amina, avae viatu vyake aende, au kama usiku umekuwa mwingi, aamke mapema kesho yake, kabla ya kwenda kazini, akabishe hodi.