Je, Wajua? Shavu la katuni huanzia kwenye sanduku

Je, wajua kwamba shavu la mhusika wa katuni ya kompyuta huweza kuanza likiwa sanduku lenye pembe kali? Mwaka 1978, Edwin Catmull na Jim Clark walieleza kanuni ya kuligawa umbo: kila upande hupata nukta mpya katikati, kila ukingo hupata yake, na nukta za zamani husogezwa kidogo. Mche mraba wenye pande 6 hugeuka vipande 24, kisha 96, kisha 384, huku pembe zikizidi kulainika. Raha yake ni kwamba msanii hahangaiki na vipande vyote hivyo. Huvuta nukta chache za umbo la mwanzo, na uso mzima hufuata.

Mbinu nyingine iliyozoeleka, ya kuunda uso kwa kuunga viraka vya pande nne, ilikuwa na kero: maungio yaliweza kuonekana mhusika anapokunja uso. Kwa hiyo wasanii wa studio ya Pixar walimtengeneza kwa kanuni hiyo ya mgawanyo mzee mcheza sataranji wa filamu fupi ya Geri's Game (1997), iliyoshinda Oscar. Wakaongeza ufundi wa kuacha baadhi ya kingo zibaki kali kiasi, maana si kila kitu kinapaswa kuwa laini.