Kuku wa Uani Wachanjwe Kabla ya Mchumo



Katika kurasa hizi tumezoea kuandika habari za mikarafuu: miche, palizi, uanikaji na bei. Safari hii twaomba ruhusa tuseme habari za kuku. Karafuu hutupa fedha kwa msimu, na uko mwaka ambao mikarafuu haizai kitu. Katikati yake kuna ada za skuli, dawa, wageni na sikukuu, na mara nyingi kinachokamatwa kwenda kuuzwa ni kuku. Banda likifa lote kwa juma moja, nyumba imepoteza kibubu chake.

Mfano wetu twautoa mbali kidogo, Marambo, upande wa Nachingwea na Ruangwa katika mkoa wa Lindi. Kule hakuna karafuu, lakini maisha yafanana na yetu. Korosho ina msimu wake, ufuta na mbaazi vivyo hivyo, na baina ya msimu na msimu mtu hutazama uani. Nchi ile ndiyo iliyopelekewa matrekta na serikali ya Uingereza katika ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, hata ikajengwa reli kutoka Mtwara mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Kuku hawakungoja reli, na mpaka leo wanachakura nyuma ya majiko.

Adui wao mkubwa, kule na huku, ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huanza kuzubaa, mabawa yakamwanguka, akahema kwa mdomo wazi na kuharisha kinyesi cha kijani. Akiishi siku chache zaidi, shingo humpinda. Ugonjwa ukiingia katika ua usiochanjwa waweza kuua 9 katika kila 10, na pengine usibakize hata mmoja. Hauna dawa. Twajua kwamba wengi wetu huwapa kuku shubiri au pilipili katika maji, na hatuwakatazi, ila yule aliyepona alipona kwa nguvu zake mwenyewe.

Kisichotibika huzuiwa, na kinga ipo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitengeneza chanjo iitwayo I-2 kwa ajili ya kuku wa vijijini hasa. Sifa yake ni kustahimili joto. Chanjo nyingine zikikosa barafu kwa muda mfupi huharibika, lakini hii ikiwa bado kavu katika kichupa chake, mahali pa kivuli na pasipo mwanga, yaweza kukaa majuma kadhaa bila ya kupoteza nguvu. Kwa kijiji kama Marambo hilo ni jambo kubwa, na kwa shamba la ndani ndani kule Pemba ni hivyo hivyo. Siku hizi chanjo hiyo hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Kuitumia si kazi ya kutisha. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kuku, kisha mtu amshike mpaka apepese jicho. Kifaranga na jogoo hupewa tone lile lile, hakuna kubwa wala dogo. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa na kupoa, yasiwe ya bomba yenye dawa, na chombo kisiwe cha madini. Ikishachanganywa itumiwe siku ile ile. Baada ya miezi 4 hurudiwa, basi mwenye kufuata Machi, Julai na Novemba hatapotea hesabu. Kuku achanjwe akiwa mzima. Kumchanja aliyekwisha kuugua ni kupoteza tone, na mikono ya mchanjaji yaweza kuupeleka ugonjwa ua wa pili.

Hapo ndipo penye shida, Ndugu Wanachama. Kichupa kimoja chatosha kuku wengi kuliko walio katika ua mmoja. Mwenye kuku 8 huona hasara kununua peke yake, akaacha. Jirani naye ana 11, akaacha. Dawa ya jambo hili ni nyumba 10 au 15 kushirikiana, kununua pamoja na kuchanja siku moja. Wachanje alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, maana mwenye kuwafukuza kuku saa nne mchana atakamata wawili na kuvunja mtungi.

Tena tutazame namna ugonjwa unavyosafiri. Mara nyingi mdondo huvuma kiangazi, na msimu wa fedha huja wakati huo huo. Kusini, korosho zikikaribia kuuzwa, wachuuzi huzunguka vijijini kwa baiskeli na pikipiki, matenga nyuma, wakinunua huku na kule. Huku kwetu, mchumo ukianza, makambi ya wachumaji hujaa na kuku hununuliwa sokoni kwa kitoweo. Kuku mmoja aliyebeba ugonjwa, au utumbo na manyoya yake yaliyotupwa jaani, yatosha kumaliza mtaa. Mwenye kuona kuku wake wameanza kufa naye hukimbilia kuwauza waliobaki. Twafahamu kwa nini anafanya hivyo, lakini anapeleka msiba kwa mwenziwe. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Basi mgeni afungwe mbali na wenyeji kwa siku 14 hivi, na chombo chake cha maji kiwe mbali. Aliyekufa achomwe moto au azikwe chini sana, asitupiwe mbwa.

Vifaranga wana maadui wao zaidi ya maradhi. Bara ni mwewe na kicheche. Huku visiwani tunaye pia kunguru wa India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ati asafishe taka, naye akaona vifaranga ni vitamu kuliko taka. Koo na wanawe wafunikwe chini ya tenga kwa majuma 3 au 4 ya kwanza, wapewe chenga za nafaka, machicha ya nazi, na mchwa ukipatikana. Sahani ya maji itiwe vijiwe ili mdogo asizame. Usiku walale juu ya kichanja, si jikoni wala chini ya kitanda cha mtu.

Koo atamie mayai 10 mpaka 12 yaliyo mapya, basi, wala asirundikiwe 20. Siku ya 7 yapimwe kwa tochi gizani: lisilo na mishipa litolewe. Siku ya 21 wataanguliwa. Kabla hajalala, kiota kitiwe majivu, maana utitiri ukimzidi koo huyaacha mayai na kazi yote ikapotea.

Makarani wa matawi wameombwa kuandika majina ya wenye kutaka chanjo pamoja na hesabu ya kuku wao, vifaranga wakiwemo. Hesabu zifike kwetu mapema, ili tuonane na bwana mifugo wa wilaya na kuagiza vichupa kwa pamoja, na kila tawi lichague siku yake ya kuchanja kabla wachumaji hawajaingia kambini. Wenye kuku 3 au 4 wasione haya kuandikisha.