Ganzi Inayochagua Vidole

Je, wajua kwamba kidole chako cha pete kina mabwana wawili? Upande unaoelekea kidole cha kati una mshipa wake wa fahamu, na upande wa pili una mwingine. Ndiyo maana ukilalamika ganzi, daktari makini atakipapasa kidole hicho kwa pamba pande zote mbili kabla ya kukuandikia kipimo chochote.

Mshipa wa kwanza hupita kwenye kifundo cha mkono ndani ya kijia chembamba. Chini na ubavuni pana mifupa midogo 8, juu pana mkanda mgumu usiotanuka, na humo ndani umebanana na kano 9 zinazokunja vidole. Kano zikivimba, au maji yakijaa mwilini kama yanavyowajaa baadhi ya wajawazito, anayeumia ni huyo mshipa. Kisukari nacho huchangia. Basi gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete hufa ganzi. Kidole cha mwisho husalimika, maana mshipa wake haupiti humo. Ganzi hii hupenda usiku, tunapolala tumekunja vifundo. Mtu huamka akikung'uta mkono, na kweli hupata nafuu.

Majirani watasema kiharusi hicho kinaanza. Kwa kawaida sicho. Kiharusi hutoka kichwani, ni nadra kukigawa kidole katikati, na huja ghafla, mara nyingi mdomo ukienda upande au maneno yakikorogeka. Ila kipo kiharusi kidogo kinachopiga sehemu ya ubongo inayoendesha kiganja tu: mkono umelegea, uso mzima kabisa. Mgonjwa wa namna hii ndiye anayeweza kuishia kupewa dawa ya kuchua na kurudishwa nyumbani.

Kwa hiyo swali lenye uzito ni: ilianza lini? Ganzi ya miezi, inayokuja na kuondoka, inaweza kungoja kliniki. Mwanzoni hata kifaa cha kunyoosha kifundo usiku huweza kutosha. Ya ghafla haingoji kukuche. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Na saa hizo hazianzi mlangoni mwa hospitali. Huhesabiwa tangu mgonjwa alipojulikana kuwa mzima mara ya mwisho. Aliyeamka na mkono umelegea, tangu alipopanda kitandani.