Kibindo cha Mwenye Duka

Mtu aliyekesha siku tatu ndani ya magofu ya wafu, akapigana na mifupa itembeayo na buibui wakubwa mfano wa ng'ombe, kisha akatoka juani huku mgongo umempinda kwa uzito wa panga, deraya, pete na vikombe vya fedha alivyovitwaa humo, huwa na yakini moyoni kwamba amekwisha kuwa tajiri. Na yakini hiyo humdumu njia nzima, mpaka anapouweka upanga wake bora juu ya meza ya duka, mwenye duka akautazama, akakiri kwamba thamani yake ni sarafu elfu mbili, kisha ikadhihirika kwamba katika kasha lake hamna zaidi ya sarafu 750. Mpiganaji husimama pale akiwa na mali nyingi na mnunuzi mwenye nia njema, na bado biashara haifanyiki.

Msomaji ambaye hajapata kuicheza michezo hii ya kompyuta na aelewe kwamba ndani yake mchezaji huvaa nafsi ya mtu mwingine, huyo mtu akasafiri katika dunia ya kubuni yenye miji, misitu na mapango, na kila adui anayemshinda humwachia ngawira. Ngawira hiyo haina faida nyingi mpaka iuzwe, na wa kuinunua ni wenye maduka ambao hawaendeshwi na binadamu bali na programu yenyewe. Katika michezo mingi wenye maduka hao wana fedha zisizokwisha, hununua chochote mradi kimewekwa mbele yao. Lakini iko michezo, na aghalabu ndiyo iliyotungwa kwa uangalifu zaidi, ambayo kila mwenye duka amepewa kibindo chenye kipimo, akikimaliza amekimaliza. Wachezaji wengi hulalamikia jambo hili kama kwamba ni kasoro. Mimi naliona kuwa ni miongoni mwa mambo ya busara yaliyopata kubuniwa katika sanaa hii, na ningependa kueleza kwa nini.

Asili ya michezo hii ni Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi na dadu uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Humo dhahabu haikuwa fedha ya matumizi tu, bali ilikuwa kipimo cha ukuaji wa mtu, kwa kuwa kila sarafu ya dhahabu iliyotolewa salama kutoka pangoni ilimwongezea shujaa tajiriba, akapanda daraja. Nayo ilikuwa na uzito: katika kanuni zilizofuata miaka ya sabini, sarafu kumi zilikadiriwa kuwa ratili moja, hata kikundi kilichopata hazina kubwa kililazimika kufikiri habari za nyumbu na wapagazi kabla ya kufikiri habari za karamu.

Toleo la tatu la mchezo huo, la mwaka 2000, liliongeza hesabu ambayo mimi naistahi sana. Kila makazi, toka kijiji kidogo kabisa mpaka jiji kuu, yaliwekewa kikomo cha bei: katika kijiji cha chini kabisa hakuna kitu cha kuuzwa au kununuliwa kipitacho sarafu 40 za dhahabu, katika mji mdogo kikomo ni 800, na katika jiji kuu ni 100,000. Kisha ikawekwa njia ya kujua mji mzima una fedha taslimu kiasi gani: chukua nusu ya kikomo cha bei, uizidishe kwa sehemu ya kumi ya idadi ya watu. Basi kitongoji chenye watu 90, ambacho kikomo chake ni 100, kina sarafu 450 na si zaidi, hata wakazi wote wakifungua makasha yao siku moja. Ajaye na pete ya kisihiri yenye thamani ya elfu kumi atawakuta watu wema, watampa chakula na mahali pa kulala, ila pete yake ataondoka nayo kidoleni. Hesabu ile ilimfundisha mchezaji jambo ambalo kila mchuuzi wa minadani analijua tangu utotoni, ya kwamba bei haikai ndani ya kitu, bali hukaa baina ya kitu na uwezo wa mnunuzi.

Mchezo wa kompyuta ulioifikisha fikira hii mbali zaidi, kwa kadiri ya maoni yangu, ni Morrowind, uliotolewa na kampuni ya Bethesda mwaka 2002. Dunia yake ni kisiwa cha volkano chenye majivu na uyoga mrefu kama minazi, na ndani yake silaha bora zimewekewa thamani kubwa mno kuliko vibindo vya wenye maduka wote. Upanga mrefu wa mikono miwili uitwao Daedric dai-katana umeandikiwa thamani ya 120,000, ilhali wenye maduka wengi wana mamia machache tu, na kibindo kinachomalizika hurudi kujaa baada ya saa 24 za mchezo. Mwenye kuupata upanga ule ni mithili ya mvuvi aliyevua nyangumi: kila mtu pwani anastaajabu, na hakuna mwenye mizani ya kuupimia.

Sasa tazama jinsi wachezaji walivyofanya tadbiri. Katika mji wa Caldera, ndani ya nyumba iitwayo Ghorak Manor inayokaliwa na watu wa kabila la Orc, mna kiumbe mdogo wa jamii ya mashetani, jina lake Creeper, ambaye kwa sababu isiyoelezwa ni mfanyabiashara, naye ana sarafu 5,000. Na katika visiwa vya kusini-mashariki, mbali na kila njia, yuko kaa asemaye, mwenye sarafu 10,000, ambaye ndiye mnunuzi tajiri kuliko wote kisiwani. Hawa wawili hawapunji: hulipa thamani kamili iliyoandikwa, bila kuvutana bei. Habari zao zilienea kwa wachezaji kama zinavyoenea habari za kisima kitamu jangwani, na wengi walijifunza uchawi wa kuweka alama mahali na kurejea hapo kwa neno moja, wakaiweka alama yao miguuni pa Creeper.

Hata hivyo Creeper naye hawezi kulipia kitu cha sarafu elfu kumi, na hapo ndipo mchezo unapokuwa chuo. Siku ya kwanza unamuuzia vitu vidogo vidogo mpaka elfu tano zake zimalizike, kisha siku ya pili unamletea kile cha elfu kumi, na badala ya kudai fedha zote unachukua elfu tano taslimu, na zilizobaki unazichukua kwa bidhaa, zile zile ulizomuuzia jana. Siku ya tatu kibindo kimejaa tena, unazirudisha bidhaa hizo na kupokea elfu tano nyingine. Ni mali kwa mali, biashara ya zamani kuliko sarafu, na hakuna aliyewaamrisha wachezaji kuifanya. Waliifikia wenyewe kwa sababu fedha zilikuwa haba. Nakumbuka siku niliyoigundua njia hii bila ya kuambiwa na mtu, nikiwa nimeketi mbele ya kioo usiku wa manane na kalamu na karatasi, nikipanga kipi kiende leo na kipi kibaki kama amana mpaka kesho, na furaha niliyoipata ilipita ile ya kumshinda adui yeyote katika mchezo ule.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini watungaji wajitie katika taklifu hii, nao wangeweza kuandika namba kubwa wakaachana nayo? Jawabu moja ni kwamba sarafu zinazotoka ghaibu huharibu thamani ya sarafu zote. Ultima Online, mchezo wa mwaka 1997 uliowakutanisha maelfu ya watu katika dunia moja kwa njia ya intaneti, ulianza kwa kujaribu mzunguko uliofungwa, yaani jumla ya vitu duniani iwe na mpaka, na kitakachotumika kirudi katika chungu kile kile kabla ya kingine kuzaliwa. Wachezaji wakajaza vitu majumbani mwao wasivitumie, chungu kikakauka, na watungaji wakalazimika kuufungua mzunguko. Katika michezo ya namna hiyo iliyoacha wenye maduka walipe bila kikomo, kila mnyama anayeuawa na kila ngozi inayouzwa huzaa fedha mpya, na asipopatikana mfereji wa kuzitoa fedha hizo duniani bei hupanda mpaka mgeni hawezi kununua hata viatu. Kwa mchezaji wa peke yake hatari si hiyo, bali ni uchovu: aliye na kila kitu hana sababu ya kuingia pango jingine.

Skyrim, ndugu mdogo wa Morrowind, uliotoka Novemba 2011 na kuuzwa kwa mamilioni, uliupokea urithi huu lakini ukaupunguza makali. Mwenye duka la bidhaa mchanganyiko, kama Belethor wa mji wa Whiterun, ana 750. Mhunzi ana 1,000. Mwuza dawa ana 500. Na vibindo hujaa upya baada ya saa 48. Mchezaji anayekuza ustadi wake wa maneno hufika daraja la kumpa mwenye duka mtaji wa sarafu 500, naye huyo tangu hapo huwa na 500 zaidi daima. Jambo hili nalipenda mno, kwa kuwa linamgeuza mteja kuwa mshirika. Napenda vile vile misafara ya Wakhajiit, watu wenye sura ya paka, ambao hawaruhusiwi kuingia mijini na hivyo hupiga mahema yao nje ya kuta, na mtu akijua ratiba ya safari yao huwa na soko jingine pale soko la mjini linapokauka.

Ila kosa la Skyrim ni kwamba umeacha mlango wa uvivu wazi. Mchezaji aweza kumwamuru shujaa wake asubiri, saa zikapita katika nukta chache, fedha zikazaliwa tena, akauza, akasubiri tena. Na huo ndio uchovu ambao watu huuita kasoro ya kibindo kidogo. Mimi nasema kosa si udogo wa kibindo, bali ni kwamba kusubiri hakugharimu kitu. Bethesda wenyewe walionekana kuyasikia malalamiko: katika Starfield, mchezo wao wa mwaka 2023, waliongeza mwaka uliofuata mipangilio ambayo mchezaji anaweza kuitumia kuwaongezea au kuwapunguzia wafanyabiashara fedha apendavyo. Ni suluhisho la kuridhisha wateja, lakini linamwachia mchezaji kazi iliyokuwa ya mtungaji.

Na palipo na uvivu huingia ulafi. Katika The Witcher 3, wa mwaka 2015, wachezaji waligundua kwamba ng'ombe wa kijiji cha White Orchard wanaweza kuchinjwa, ngozi zao zikauzwa, shujaa akakaa kutafakari, ng'ombe wakarudi, na mauaji yakaanza upya. Kampuni iliyoutunga, CD Projekt ya Poland, haikuzima biashara ile kwa kubadili namba; ilitoa marekebisho ambayo kwayo mchinjaji aliyezidisha hutokewa na zimwi lenye pembe lije kuwalipia ng'ombe kisasi.

Nimebakisha kwa makusudi mchezo ambao si wa picha nzuri wala wa kampuni tajiri. NetHack ulitolewa mwaka 1987, umeandikwa na watu wa kujitolea, hutolewa bure, na mashujaa wake na mazimwi yake ni herufi tu juu ya kioo. Humo kila mwenye duka huanza na dhahabu baina ya elfu moja na elfu nne hivi, nayo ni dhahabu ya kweli katika hesabu ya dunia ile: ukinunua kwake, fedha zako zinaingia kibindoni mwake, na kesho aweza kukulipa kwa fedha hizo hizo. Haijazwi na mtu usiku. Hununua kitu kwa nusu ya thamani yake, na pengine kwa theluthi, kama ilivyo desturi ya wenye maduka. Na siku asiyokuwa na kitu kabisa hakufukuzi wala hakuachi usimame na upanga wako mkononi. Hukuambia kwamba atakuandikia stakabadhi ya deni, kwa sehemu tisa katika kumi za bei aliyotaka kukulipa, nawe utaitumia katika duka lake utakapochagua kitu. Hapa hakuna sarafu ya ghaibu, hakuna kusubiri kwa uvivu, na udogo wa kibindo unazaa uhusiano baina ya watu wawili: mteja ana sababu ya kurudi, na duka lina sababu ya kuwapo.

Vijana wa kwetu wanaojifunza leo kutunga michezo yao wenyewe, ambao wamekua wakitumwa dukani na kurudi na vitu vilivyoandikwa, hawana haja ya kufundishwa jambo hili kutoka mbali. Nawasihi, watakapoijenga miji yao ya kubuni, wampe mwenye duka kibindo chenye mwisho, na pembeni yake wamwekee daftari la madeni.