Tumehifadhi, au Tumetia Alama Tu?

Alipofariki mzee wetu mmoja aliyekuwa akidarsisha tafsiri ya Qurani katika msikiti wa mtaa wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, wajukuu zake walitujia na ombi tulilolidhani jepesi. Walitaka kusikia darsa zake za Ramadhani ya mwaka 2021, ambazo vijana wetu walizirusha moja kwa moja katika mtandao, usiku baada ya usiku. Tukawaambia wasiwe na wasiwasi, kwani tuliwajua watu kumi waliozihifadhi. Basi tulipowaita hao kumi na kila mmoja akaifungua simu yake, tisa walikuta maneno yasemayo kuwa video hiyo haipatikani tena. Kijana aliyeufungua ule ukurasa alikuwa amepoteza namba yake ya simu na neno lake la siri, ukurasa ukaingiliwa na wezi, kisha ukafungwa. Kosa ni letu sisi wazee, tulioiacha amana kubwa namna ile katika mfuko wa kijana mmoja.

Wa kumi alikuwa mama mmoja auzaye maandazi, naye alikuwa na darsa tatu kamili. Tutaeleza mbele alivyozipata.

Hapa ndipo wengi wetu tukoseapo. Kitufe cha "Hifadhi" katika Facebook na Instagram hakiingizi video ndani ya simu. Chatia alama tu, ili mtu aione upesi akitaka kuitazama tena. Video yenyewe yabaki kule kule kwa mwenyewe. Ni mfano wa mtu aliyekunja ukurasa katika kitabu cha jirani: jirani akihama na kitabu chake, kule kukunja hakumfai kitu. Na tangu tarehe 19 Februari 2025, Facebook huyaweka matangazo ya moja kwa moja kwa siku 30 tu, kisha huyafuta. Ama yale ya zamani, wenye kurasa waliarifiwa na kupewa siku 90 wayapakue kabla hayajaondolewa. Misikiti mingi duniani ilianza kurusha darsa kwa njia hii mwaka 2020, milango ilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Yafaa kila kamati ya msikiti ijiulize darsa hizo ziko wapi leo.

TikTok ina kitufe chake cha kuhifadhi, nacho chaingiza video katika simu kweli kweli, ikiwa na jina la mwenyewe juu yake. Mwenye video akitaka aweza kukizuia kitufe hicho, na hilo twaliona ni adabu njema. YouTube nayo humpa mtu ruhusa ya kupakua, hasa yule alipaye ada ya Premium, lakini video hukaa ndani ya programu ile ile. Haihamishiki kwenda katika flashi, na simu lazima iunganishwe na mtandao angalau mara moja kila siku 30. Kwa msafiri ni neema. Kwa mwenye kutaka kuwarithisha watoto wake, si kitu.

Ziko tovuti ambazo mtu hubandika anwani ya video akapewa video yenyewe bure. Wazazi tunawaomba wajihadhari nazo sana. Nyingi zina vitufe vya uongo, na mtoto akibonyeza visivyo hupelekwa penye picha za aibu au akaingiziwa programu mbaya katika simu. Hakuna mzazi amtumaye mwanawe dukani kwa njia ipitayo mlangoni pa danguro. Na ikiombwa neno la siri, funga hapo hapo.

Walio na kompyuta wana programu ya bure iitwayo yt-dlp, isiyo na matangazo, ingawa huendeshwa kwa maandishi na yataka subira. Imetokana na youtube-dl iliyoanza mwaka 2006, ambayo Oktoba 2020 iliondolewa katika GitHub kwa malalamiko ya chama cha makampuni ya muziki ya Marekani, ikarudishwa Novemba mwaka ule ule. Lakini masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua nje ya kitufe chake bila ya ruhusa, na sisi hatumshauri mtu kuchukua cha mwenziwe kwa kuwa mlango u wazi.

Sasa turudi kwa mama yetu. Yeye alirekodi kioo cha simu. Uwezo huo umo katika iPhone tangu mwaka 2017, na katika Android tangu toleo la 11 la mwaka 2020. Ubaya wake ni kuwa darsa ya saa moja yataka saa moja, na kila kipitacho juu ya kioo huingia humo. Mwenye kurekodi na achague sauti ya ndani ya simu, na anyamazishe arifa kwanza.

Njia tuipendayo kuliko zote ni kumwomba mwenyewe. Mara nyingi anayo video ya asili katika simu yake, nzuri kuliko iliyo mtandaoni. Na kama hana, Google na Facebook humruhusu kupakua vyake vyote. Akikutumia kwa WhatsApp, mwambie aitume kama hati, si kama video, isije ikapunguzwa ubora; hati hupokewa hata ya GB 2. Kumwomba kuna faida nyingine pia. Huenda akakwambia kuwa ile ya arusi ya binti yake hataki isambae.

Darsa zile tatu sasa zimo katika kompyuta ya madrasa na katika flashi mbili, moja kwa wajukuu na moja kwa imamu. Ya pili ina mlio wa ujumbe katikati ya aya, na juu yaonekana mteja akiagiza maandazi ishirini. Wajukuu wamesema tuiache hivyo hivyo.