Dawa ya Saa Tatu za Kwanza
Mimi ni muuguzi wa ndege za wagonjwa. Tukitua tu, nauliza: ajali ilitokea saa ngapi? Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kuwa asidi ya traneksamiki, dawa rahisi inayozuia damu iliyoganda jerahani isiyeyuke, huokoa maisha ikitolewa ndani ya saa tatu. Ikichelewa yaweza kudhuru. Basi gramu moja huingia mshipani polepole, kwa dakika 10.

Utafiti wa PATCH wa 2023, uliofanyika Australia, New Zealand na Ujerumani, umenifikirisha zaidi. Waliodungwa dawa hii kabla ya kufika hospitali walikufa wachache zaidi katika siku 28; lakini baada ya miezi 6, walioweza kujitegemea walikuwa karibu sawa na wasiopewa. Hilo linaniuma.