Piga kambi ziwani, lakini mheshimu kiboko

ILIKUWA saa kumi na moja jioni, Jumamosi ya katikati ya likizo ya Agosti, tulipoteremsha mizigo yetu katika Hifadhi ya Swala ya Kisumu. Tulikuwa watu watano: watoto watatu, mama yao na mimi. Tulikuwa na hema la kuazima kwa shemeji, magodoro mawili ya sponji, jiko la makaa, sufuria mbili na samaki wanne aina ya ngege ambao mama watoto alikuwa amewanunua asubuhi hiyo.

Kwa kuwa mimi ndimi baba wa nyumba, nilibeba hema na kwenda moja kwa moja hadi karibu na maji. Mahali penyewe palipendeza. Nyasi zilikuwa fupi na laini kama zulia, na upepo wa ziwa ulipuliza taratibu. Nikaanza kupigilia vigingi.

"Mzee, hapo si pa kulala," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa askari wa wanyamapori, kijana mwenye heshima lakini asiyetaka mchezo.

"Kwani pana ubaya gani? Nyasi zenyewe zimekatwa vizuri."

"Na unadhani ni nani anayezikata?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Akanionyesha ziwa kwa kidole. "Ni kiboko. Usiku hutoka majini akaja kula hapa. Hiyo ndiyo meza yake, mzee. Nyinyi mtalala kule juu."

Nilikusanya vigingi vyangu huku watoto wakinicheka chinichini. Tukahamia mahali palipotengwa kwa kambi, mbali na ukingo. Tukawasha jiko, tukapika ugali, tukala ngege kwa mikono tukitazama jua likizama upande wa Magharibi. Tulipoingia hemani, simba walianza kunguruma. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka sita, alinikumbatia shingo mpaka nikamweleza kwamba simba hao wamo ndani ya vizimba.

Kiboko hayumo kizimbani. Yapata saa nane usiku nilisikia sauti kama ya mtu anayerarua shuka kuukuu. Ilikuwa ikirarua, ikinyamaza, kisha ikirarua tena. Kabla sijafahamu ni nini, nikasikia zipu ya hema ikifunguliwa. Alikuwa ni yule kitinda mimba, amebanwa na haja ndogo, na mguu mmoja tayari uko nje. Mama yake alimdaka na kumrudisha ndani bila kusema neno. Tulikaa hivyo gizani, sote watano tukiwa macho, mpaka sauti ile ikaondoka kuelekea majini. Haja ndogo ilikwenda kwenye mkebe wa maziwa ya unga.

Asubuhi tulikwenda kutazama. Nyayo pana zenye vidole vinne zilipita katikati ya matundu ya vigingi vyangu.

Mbuga ndogo mlangoni mwa jiji

Ninasimulia haya si kwa nia ya kumtisha msomaji. Ninasimulia kwa sababu familia nyingi za Kisumu, na hata wanafunzi wanaosoma vyuo vya hapa, hupita kila siku kando ya ziwa hili bila kulala usiku hata mmoja karibu nalo. Wengine hudhani kwamba kupiga kambi ni kazi ya wageni kutoka Ulaya.

Hifadhi ya Swala iko umbali wa kilomita tatu hivi kutoka katikati ya jiji. Ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka wa 1992 ili kuwalinda swala pala wachache waliokuwa wamesalia baada ya mji kupanuka na kumeza malisho yao. Eneo lake lote ni hekta 34 tu, kwa hivyo mtoto anaweza kulizunguka kwa miguu bila kulia. Wamo swala wanaotembea huru, tumbiri ambao watakuibia mkate ukigeuza kisogo, ndege wengi, na wanyama wakali waliohifadhiwa vizimbani.

Kutoka hapo si mbali hadi Hippo Point, ambako watu wa Kisumu huenda jioni kutazama jua likizama, na ufuo wa Dunga wenye wavuvi na kinamasi cha mafunjo. Mwanafunzi anayependa ndege asiikose Dunga. Humo huishi ndege ambao makao yao ni mafunjo tu, na mafunjo yakikatwa au kuchomwa hawana pa kwenda. Nzohe, yule paa mwenye kwato ndefu za kutembelea matopeni, naye hujificha humo.

Je, ulijua kuwa ziwa hili lina bwawa?

Jumapili hiyo tulishuka Dunga. Mvuvi mmoja mzee aliwakaribisha watoto wakae juu ya mashua iliyopinduliwa, akawaonyesha alama kwenye shina la mti, juu ya kichwa cha kifungua mimba wetu.

"Mnaona hapo, wajukuu wangu? Maji yalifika hapo. Mwaka wa 2020 hapa mlipokaa tulikuwa tunapita kwa mashua."

Kifungua mimba, ambaye yuko katika sekondari, alimwuliza swali ambalo hata mimi sikulitarajia: "Guka, kwa nini hawakuyazuia?" Guka ni neno alilolitoa kwa marafiki zake wa Nairobi, mzee alicheka, akamwambia hapa aseme kwaro. Swali lenyewe, hata hivyo, ni zuri, na linafaa lijibiwe.

Ziwa Victoria hupata maji kutoka kwa mvua inayonyesha juu yake na kutoka kwa mito mingi. Upande wetu wa Kenya kuna Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu na Kuja. Lakini maji hayo yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Jinja, nchini Uganda, pale Mto Nile unapoanzia safari yake. Zamani mlango huo ulikuwa mwamba wa maporomoko ya Ripon. Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alizindua bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, na tangu hapo maji yanayotoka hupimwa na kuachiliwa na binadamu. Ndiyo maana wataalamu husema kwamba ziwa letu lote, lenye eneo la karibu kilomita mraba 69,000, ni hifadhi ya maji ya bwawa, na kwa upana hakuna bwawa jingine duniani linaloikaribia.

Basi mbona mafuriko hayakuzuiwa? Kwanza, Uganda na Misri zilikubaliana tangu zamani kwamba maji yaachiliwe kwa kiasi ambacho yangetoka yenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Ziwa likipanda, maji mengi zaidi huachiliwa. Pili, ziwa ni pana mno na mlango ni mwembamba. Ni sawa na kutaka kumaliza maji ya pipa kwa tundu la sindano huku mvua ikiendelea kulijaza. Mvua kubwa za kuanzia mwaka wa 1961 zililiinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili kufikia mwaka wa 1964. Mwezi wa Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita kidogo tu rekodi ya 1964. Mwaka wa 2024 ziwa likapanda tena na watu wa fukwe wakahama tena.

Na yapo mafuriko ya aina nyingine, yale ya mito. Mvua ikinyesha milimani Nandi na Kericho, Mto Nyando huteremka kwa kasi na kuvunja kingo zake katika tambarare ya Kano, hata kama Kisumu kwenyewe jua linawaka. Huko Budalang'i, kuta za udongo zilizojengwa kando ya Nzoia zimebomoka mara nyingi na familia kulala mashuleni. Bwawa la Koru-Soin, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, lilibuniwa ili kuyapunguza mafuriko ya Nyando na kuleta maji ya matumizi.

Kwa mtu wa hema, somo ni moja. Ufuo uliouona mwaka jana si lazima uukute mwaka huu. Waulize wenyeji maji yamefika wapi, na usipige hema kamwe kwenye mkondo mkavu wa mto au bondeni karibu na kingo.

Kisiwa cha Ndere

Wale watakaoonja kambi ya Hifadhi ya Swala na kutaka zaidi, waende Ndere. Ni kisiwa kilicho kaskazini mwa Ghuba ya Winam, chenye kilomita mraba 4.2, nacho kilifanywa Mbuga ya Taifa mwaka wa 1986. Jina lake kwa Kijaluo lina maana ya mahali pa kukutana. Huko kuna swala pala, ndege wa kila aina, mamba na viboko, na utulivu ambao hutaupata mjini hata saa tisa za usiku.

Lakini Ndere si ya kwenda kwa pupa. Hakuna duka. Maji ya kunywa, chakula, dawa na makaa vyote utabeba mwenyewe. Na utavuka kwa mashua, jambo ambalo lina sheria zake.

Wavuvi husafiri asubuhi kwa sababu asubuhi ziwa hutulia. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawimbi huinuka. Dhoruba nazo hutokea kwa ghafla. Kwa hivyo vuka mapema, na rudi mapema. Kila mtu avae jaketi la kuokolea kabla ya mashua kuondoka, pamoja na baba anayejua kuogelea. Nahodha akisema leo hapana, usimwongezee pesa ili abadilishe nia. Pesa haijui kuogelea.

Mambo ya kuzingatia

Hapa nimekusanya yale tuliyofundishwa na askari, na mvuvi, na makosa yetu wenyewe:

Kiboko: Usikae kati yake na maji. Akiona njia ya kurudi ziwani imezibwa, hushambulia, na hukimbia kuwashinda watu wengi. Usiku usitoke hemani bila kumulika tochi pande zote. Wenye watoto wadogo wabebe mkebe. Si aibu.

Maji: Usiwaruhusu watoto kuogelea wala kucheza maji penye majani ya ukingoni. Konokono wa huko hueneza kichocho, ambacho huingia kwa kupenya ngozi. Aliyekwisha kulowa na baadaye akaona damu katika kinyesi au mkojo, au kupata maumivu ya tumbo, apelekwe hospitali, kwani dawa ipo. Maji ya ziwa usiyanywe bila kuyachemsha.

Mbu: Malaria ni ugonjwa wa kwetu hapa mwaka mzima. Chandarua chenye dawa hutundikwa hata ndani ya hema, na shati la mikono mirefu huvaliwa jua likizama. Mtoto akipata homa baada ya safari, usimpe dawa ya kubahatisha, apimwe.

Radi: Kisumu hupigwa na radi mara kwa mara. Ikianza, tokeni majini, ondokeni chini ya mti ulio peke yake, mwingie ndani ya gari au nyumba. Hema si nyumba.

Wakati: Likizo ya Aprili huangukia katikati ya mvua ya masika. Likizo ya Agosti hufaa zaidi kwa wanaoanza. Novemba na Desemba zina mvua zake, kwa hivyo beba turubai.

Malipo: Shirika la Huduma kwa Wanyamapori halipokei pesa taslimu malangoni. Lipa kwa simu, na ulizia ada za siku hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Wanafunzi wabebe vitambulisho.

Takataka: Ulichokuja nacho, rudi nacho. Chupa ya plastiki unayoitupa ukingoni itaelea hadi kwenye nyavu za mvuvi.

Tutarudi

Tulirudi nyumbani Jumapili jioni tukinuka moshi, migongo ikiuma kwa sababu ya magodoro membamba. Nilidhani watoto wameapa kutorudi. Jumatatu asubuhi nilimkuta kitinda mimba akimwonyesha jirani, kwa kutumia kijiti mchangani, ukubwa wa nyayo za kiboko. Aliuchora mduara, akautazama, akaufuta, akauchora mkubwa zaidi.

"Baba," akaniita aliponiona, "likizo ijayo twende tena. Lakini hema, wacha nichague mimi mahali."

Nimekubali. Mwana huyo amekwisha kujua jambo ambalo mimi nililijua nikiwa na nyundo mkononi: kwamba ukifika kwa jirani, huuliza kwanza yeye hulia wapi chakula chake.